Usimmalizie Neno

Mtaani wananiita Sindano, na msidhani ni kwa sababu ya cherehani. Cherehani ninayo kweli, iko pale barazani chini ya dirisha, na nashonea sare za shule na mapazia mwaka wa ishirini sasa. Lakini jina nilipewa na mume wangu wiki ya pili ya ndoa yetu, siku niliyomjibu mama mwenye nyumba mpaka akasahau alichofuata. Mume wangu alicheka akishika mbavu. "Huyu si mke," alisema, "ni sindano. Haikosi pa kuchoma." Jina likatoka chumbani likaingia mtaani, nami sikulikataa. Nayasema haya mapema ili nikifika kwenye aibu yangu msinionee huruma.

Mume wangu ni fundi wa kupaua nyumba. Watu wote wanamwita Fundi, hata mimi. Miaka mitano iliyopita alianguka kutoka paa la ghala, shingo ikaumia, kichwa kikaumia, na tangu siku hiyo hasogezi mkono, wala mguu, wala ulimi. Kilichobaki ni macho na masikio. Madaktari walisema anasikia na anaelewa kila kitu, ila kujibu ndiko asikoweza. Walinifundisha nimwambie afunge macho mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Tulijaribu. Lakini kope la kushoto lilikuwa limelegea, linaanguka lenyewe lipendavyo, na la kulia nalo lilikuwa likichezacheza. Leo ndiyo, kesho hapana, na swali ni lile lile. Baada ya mwezi nikachoka. Nikasema, mimi nimeishi na mtu huyu miaka kumi na mitano, kope la nini tena? Nikimtazama usoni najua.

Basi nikaanza kumsemea. Wageni wakija wanauliza, "Fundi anasemaje?" Namtazama, najibu. Fundi anasema asanteni kwa kuja. Fundi anasema chai ya leo imekolea. Fundi anapenda redio, msimzimie. Watu wakanisifu, wakasema huo ndio upendo, mke anasikia hata lisilosemwa. Na mimi kichwa kikavimba, kwa nini nifiche.

Siku ya mashine ilikuwa Jumanne. Saa nne asubuhi alikuja mtaalamu kutoka kituo kinachohudumia watu wenye ulemavu mkubwa wa viungo. Mwanamke kijana, mpole, begi moja mgongoni na jingine mkononi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliyemwita ni binti yetu. Anasomea uuguzi, na huko chuoni ndiko alikosikia kwamba kuna kompyuta inayoendeshwa kwa macho, akaandika barua ya maombi bila kuniuliza. Mimi nilimwambia wazi kuwa anapoteza muda wake. "Baba yako akitaka kitu mimi najua," nilisema. Alinitazama akanyamaza. Alikuwa amezoea kuninyamazia, na sababu yake niliijua siku hiyo hiyo.

Mtaalamu alifunga mkono wa chuma kwenye ukingo wa kitanda, akaning'iniza skrini ya kompyuta mbele ya uso wa Fundi, na chini ya skrini akabandika kitu chembamba cheusi, urefu wake kama rula ya mwanafunzi. Alipoeleza alimweleza Fundi, si mimi.

"Hii ni kamera, baba. Inaona jicho lako linatazama wapi. Ukitazama herufi ukatulia hapo kidogo, ni sawa na kuibonyeza kwa kidole. Ukimaliza neno, kompyuta inalisoma kwa sauti."

Akafunga pazia, maana mwanga wa dirishani ulikuwa unaichanganya kamera. Kisha akaleta kitone chekundu kwenye skrini, kikawa kinahama kutoka pembe hadi pembe, na Fundi akaambiwa akifuate. Jicho la kushoto lilishindwa kwa sababu ya lile kope. Mtaalamu hakuhangaika nalo, akabonyeza mahali, akasema, "Tutatumia la kulia peke yake. Moja linatosha." Mara ya tatu kitone kikazunguka kote na jicho likakifuata bila kukosea. Nilikuwa nimesimama na taulo begani, nikasema moyoni, sawa, anaweza kutazama kitone, hilo hata paka anaweza.

"Mashine hii ni ya majaribio," mtaalamu alituambia. "Kesho inangojwa nyumba nyingine. Leo tunayo mpaka saa kumi. Akiiweza, jina lake linaingia kwenye orodha, na ya kwake itafika baada ya miezi mitatu hivi. Na nina sharti moja kwa wanafamilia. Usimmalizie neno. Akiandika herufi mbili ukaona unajua anakokwenda, funga mdomo. Mngoje afike mwenyewe."

"Mwanangu," nilisema, "mimi na huyu ni mwili mmoja."

"Ndiyo maana nimekuambia wewe, mama."

Binti yetu aligeuka akatazama ukutani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Kwanza alimpa ukurasa wa vitufe vyenye maneno tayari: nina kiu, naumwa, nigeuzeni, asante, washa, zima. Kisha akatazama chumba, akaongeza majina ya vitu alivyoviona: feni, dirisha, redio. Akasema, "Haya baba, jaribu chochote." Sote tukakaza macho. Mimi nilijiandaa kusikia asante. Nilikuwa hata nimepanga nitakavyojibu, kwamba hapana deni kati ya mke na mume.

Mashine ikasema, kwa sauti kavu ya kiume kama ya msoma taarifa: "Zima. Redio."

Hakuna aliyesogea. Redio ilikuwa pale pale pembeni mwa mto wake, mahali ilipokuwa miaka mitano, inatangaza sabuni. Mashine ikarudia: "Zima. Redio. Zima. Redio." Mtaalamu akanyoosha mkono akaizima. Chumba kikawa na ukimya ambao sijausikia tangu tumlete kutoka hospitali. Fundi akafumba macho kidogo, kisha akayafumbua. Binti yetu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, nami nikaanza kucheka, nikaacha. Kuanzia alfajiri mpaka taa zinazimwa, kila siku ya Mungu, nilikuwa namwekea ile kelele sikioni na kuwaambia watu anaipenda. Nikaanza kujiuliza kuhusu ile chai.

"Sasa herufi," alisema mtaalamu.

Ubao wa herufi ukaja kwenye skrini. Jicho likatembea, likatulia. F.

"Feni," nilisema, tayari nimeshainuka kwenda kuiwasha. "Joto limemzidi, si unaona paji la uso."

"Mama, umesimama mbele ya jicho lake," mtaalamu alisema taratibu. "Na sharti letu?"

Nikakaa. Ikaja U. Ikaja T. Ikaja I. Akatulia kwenye kitufe cha kusoma, na ile sauti kavu ikalitamka jina hilo chumbani mwangu.

"Futi."

Binti yetu aliacha kucheka. Mtaalamu peke yake ndiye aliyetabasamu, akauliza, "Futi ni nini?"

Futi si kitu, ni mtu. Ni mdogo wake Fundi wa tumbo moja, shemeji yangu. Jina lake nalo alilitoa Fundi, kwa sababu kazi aliyoanza nayo kwenye paa ilikuwa kushika futi ya kupimia mbao, na kwa sababu kimo chenyewe Mungu alimpimia kwa mkono wa birika. Walifanya kazi pamoja tangu ujanani, mmoja juu, mmoja chini, na wakigombana asubuhi mchana wanakula sahani moja. Siku Fundi alipoanguka, Futi ndiye aliyepaswa kushika ngazi. Watu waliokimbilia pale walikuta ngazi imelala chini na Futi hayupo. Alitokea baadaye mbio, akaapa kwamba alikuwa ametumwa misumari. Mimi sikumsikiliza. Nilimwambia mbele ya watu, nani mwenye akili anamwacha ndugu yake juu ya ngazi akafuate misumari? Nilihitaji mtu wa kumchukia, na yeye alikuwa karibu.

Siku ya tatu hospitalini niliinama sikioni mwa Fundi nikamuuliza, "Ni Futi?" Machozi yakamtoka. Nikasema basi, ushahidi gani tena, macho hayasemi uongo. Na baada ya hapo kila mtu akimtaja Futi mbele yake, machozi. Nikapiga marufuku. Jina hilo lisitajwe ndani ya nyumba hii, linamuumiza mgonjwa.

Futi alikuwa akija getini. Alikuja siku nyingi, na kila siku nilimpa vidonge vyake akaondoka. Siku ya mwisho alikuja na mfuko wa machungwa, akaniomba amwone kaka yake dakika moja tu. Nilimwambia, "Kaka yako amesema usikanyage hapa mpaka afe yeye au ufe wewe." Amesema. Mtu asiyeweza kusema hata ah, mimi nilimtungia sentensi nzima. Futi aliweka mfuko chini taratibu, akageuka, na hakurudi tena. Na kwa sababu niliwasimulia watu maneno hayo mara nyingi, mwisho nikayaamini mwenyewe. Naapa niliyaamini.

Sasa jicho lilikuwa linaandika tena. Herufi moja, kisha nyingine, huku sisi tunahesabu pumzi. Yuko wapi.

"Fundi, tuachane na huyo," nilisema. "Kwa alichokutenda, anatafutwa wa nini leo?"

Jicho likaniangalia mimi. Halikuangalia skrini, liliniangalia mimi, muda mrefu. Halafu likarudi kwenye herufi.

Alinitenda nini.

"Ngazi," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, sikuitambua. "Aliachia ngazi."

Alichoandika baada ya hapo kilichukua karibu saa nzima. Alikosea herufi, akafuta, akapumzika, akaanza upya. Mara mbili mtaalamu alimwomba afumbe jicho lipumue. Hakuna aliyemmalizia neno. Mimi nisingeweza hata ningetaka. Maneno yalikuwa haya: Nilimtuma misumari. Nilikanyaga papi bovu. Nililipigilia mimi.

"Papi ni nini?" mtaalamu aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamweleza kwamba ni zile mbao nyembamba za juu ya paa zinazopigiliwa mabati. Nilimweleza vizuri kabisa, kama niko darasani. Yeye mwenyewe alipigilia, yeye mwenyewe akakanyaga, likavunjika, na bila shaka akaisukuma ngazi kwa mguu akianguka. Na yule mfupi alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa mshtuko wangu. Jicho likaandika tena. Mbona haji.

Hapo ndipo nilipoelewa. Fundi hakujua. Hakujua kama ndugu yake alikuwa akija, hakujua kama nilimfukuza, wala hakujua kama kuna kosa alilobandikwa. Geti liko hatua kumi tu kutoka kitandani kwake, lakini ile redio ilikuwa inalia sikioni mwake, niliyoiwasha mimi. Miaka mitano mtu huyu amelala akiamini kwamba mdogo wake alimwona ameharibika akamtupa. Ndiyo maana kila lilipotajwa jina la Futi alilia. Hakuwa analia kwa hasira. Alikuwa anamtaka ndugu yake, na mimi nikamficha hata jina.

Mtaalamu alisema anaweza kutupisha akakae nje. Binti yetu alisema, "Kaa tu. Mama, mwambie baba."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie, au nitamwambia mimi."

"Wewe unajua nini?"

"Nilikuwa dirishani siku ya machungwa," alisema. "Na baba mdogo ananipigia simu kila Jumapili."

Nilipigwa na butwaa la pili juu ya la kwanza. "Miaka mitano mnanizunguka ndani ya nyumba yangu?"

"Ulikataza jina lake lisitajwe humu ndani. Halikutajwa."

Mtoto huyu kweli nimemzaa mimi, nilijisemea, ulimi wangu mwenyewe unanichoma. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia Fundi yote. Sikupamba. Nilimwambia siku ya hospitali, na geti, na machungwa, na yale maneno niliyomwekea mdomoni, neno kwa neno. Nilipofika "mpaka afe yeye au ufe wewe" nilitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ya saruji haipasuki kwa matakwa ya mtu. Fundi alifumba macho yote mawili. Alifumba muda mrefu kiasi kwamba skrini ilijififiza yenyewe, na mtaalamu akaigusa kuiamsha. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa nane.

Alipofumbua aliandika: Piga simu.

Binti yetu alipiga, akaweka sauti ya wote kusikia. Nyuma ya simu kulikuwa na msumeno unaounguruma. Futi siku hizi anatengeneza milango kwenye karakana ya upande wa pili wa mji, hapandi tena mapaa. "Mwanangu, leo si Jumapili, kuna nini?" aliuliza.

"Baba mdogo, baba anataka kuongea na wewe."

"Usinitanie hivyo," alisema.

Mashine ikasema, "Futi. Ni mimi."

Msumeno ukazimwa. "Hiyo ni redio?" alisema Futi. "Mama yako yuko hapo, sivyo? Mwambie hata mimi nina moyo. Kama amekosa wa kumchezea leo, si mimi." Akakata.

Tukapiga tena, hakupokea. Wakati binti yetu anapiga mara ya tatu, nilimnyang'anya simu. Ilipokelewa. "Shemeji, ni mimi," nilisema. "Nilikudanganya. Kaka yako hakusema neno lolote lile siku ile. Ni mimi niliyesema. Leo ndiyo anaongea kwa mara ya kwanza, kwa kompyuta, na kitu alichoandika kwanza ni jina lako."

Akasema, bila kupandisha sauti, "Hata leo unamtungia, shemeji?"

Ningejibu nini? Mtu ukishamwongopea kwa jina la mtu mwingine, huna tena cha kuapia. Na wakati huo wote jicho la kulia la Fundi lilikuwa kazini, herufi kwa herufi, hata sikuliona. Mashine ikasoma.

"Nilikutuma ya inchi tatu. Umeleta?"

Miaka yote hiyo Futi alisema misumari tu. Sikuwahi kumuuliza misumari gani. Hakuna mtu duniani aliyejua urefu wa ile misumari isipokuwa hao wawili.

Kwenye simu nikasikia mtu akivuta pumzi kwa shida. "Ilikuwepo ya inchi nne tu," Futi alisema. Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima. "Nilikuwa narudi kukuuliza kama itafaa. Kaka, nilikuwa narudi kukuuliza."

Mtaalamu aligeukia dirisha lililofungwa pazia, akalitazama hivyo hivyo.

Ilikuwa inakaribia saa tisa Futi alipofika. Alikuja na aproni ya kazi, unga wa mbao kwenye nyusi, penseli sikioni. Nilikuwa nimesimama getini namngoja, nimejipanga kupiga magoti. Akanikuta, akasimama, akainamisha kichwa. "Shikamoo, shemeji," alisema. Kama zamani, kana kwamba nilikuwa nastahili. Nilitafuta marahaba kinywani mwangu nikaikosa, nikamwonyesha tu mlango kwa mkono.

Alisimama miguuni pa kitanda akamtazama kaka yake. Fundi amekonda, mikono imekuwa vijiti, na Futi hakuwahi kumwona hivyo. Nilimwona akijikaza. Fundi naye alikuwa anamtazama, kisha jicho likahamia kwenye herufi, na tukangoja. Mashine ikasema, "Umenenepa. Hujarefuka."

Futi alianza kucheka, kicheko kikamgeukia, akaangusha kichwa chake kwenye kifua cha kaka yake, na unga wa mbao ukamwagika kwenye shuka niliyoibadilisha asubuhi. Mikono ya Fundi ilikuwa imelala pembeni haiwezi kumshika. Binti yetu akaenda akauchukua mmoja, akauweka juu ya mgongo wa baba yake mdogo, akaushikilia hapo.

Nilikuwa nimeshachukua kiti nikae nao. Mimi ndiye mkalimani, si ndivyo? Jicho likanigeukia, likarudi kwenye skrini. Nilihesabu herufi saba za jina langu, nikalijua neno la pili kabla halijaisha, nikafunga mdomo.

"Sindano. Tupishe."

Miaka mitano sijaitwa jina hilo na aliyelitunga. Watu wa mtaani wananiita, lakini yeye ndiye mwenyewe. Likatoka kwa sauti isiyo yake, na likafuatwa na kuambiwa nitoke. Niliinuka nikatoka. Mtaalamu na binti yetu wakanifuata, mlango ukarudishwa.

Nikakaa kwenye cherehani. Kulikuwa na sare nusu, kola haijafungwa. Sikuweza kutia uzi kwenye tundu. Kupitia dirishani niliisikia sauti ya mashine ikisema maneno mawili, ukimya mrefu, kisha Futi akijibu mengi, kisha ukimya tena. Mara moja walicheka, yaani Futi alicheka na mashine ikasema kitu akacheka zaidi. Walisema nini sijui. Ningeweza kusogeza kiti nikasikia, dirisha lenyewe liko juu ya kichwa changu. Badala yake nilikanyaga cherehani ikazunguka bure, bila kitambaa, ili kelele yake inizibe masikio. Nilikuwa nimeshasikiliza vya kutosha kwa niaba ya watu.

Saa kumi ilifika. Mtaalamu alitazama saa yake, akaitazama nyumba, akaokota kipande cha kitambaa akawa anakikunja na kukikunjua. Saa kumi na nusu ndipo alipoinuka akabisha hodi. Aliniambia, "Mama, nakupa dakika chache naye kabla sijafungua vyuma."

Niliingia. Futi alikuwa amekaa kitandani, macho mekundu, akinyanyuka anipishe. Nikamwambia akae, asikie. Nikapiga magoti pale chini, skrini ikiwa juu yangu, nikasema, "Fundi, nilikuwa mdomo wako nikakutukania ndugu yako. Nisamehe."

Jicho lilikuwa limechoka, jekundu, linatoka maji. Likatafuta. B. Likatulia tena. A. Moyo wangu wote ukapiga kelele kwamba ni basi, anasema basi, yamekwisha, mke wangu inuka. Nilikuwa nalo neno tayari ulimini. Nikalimeza. Likaja D. Likaja O.

"Bado," ilisema mashine.

Akafumba macho, akalala. Hakuwa na nguvu ya herufi nyingine, na mtaalamu akaanza kufungua vyuma kimoja kimoja, taratibu, asimwamshe. Hakuna aliyenitazama. Nilibaki pale sakafuni na neno langu la herufi nne, na mashine ikaingia kwenye begi lake.

Kabla ya kuondoka mtaalamu alitupa ubao wa plastiki unaopitisha mwanga, umeandikwa herufi kwa rangi nyeusi, na katikati una tundu. Akatufundisha kuutumia mpaka mashine ya Fundi itakapofika. Unaunyanyua kati ya uso wako na uso wake, unafuata jicho lake, unataja herufi unayoona ameitazama, na jicho likibaki limetulia hapo hapo unajua umepatia. Ni kazi ya punda. Sentensi moja inaweza kumaliza asubuhi. Binti yetu anauweza, na Futi ambaye sasa anakuja kila siku saa kumi na mbili kabla ya kwenda karakana anauweza vizuri zaidi, kwa sababu ana subira ya mtu aliyekata mbao kwa vipimo maisha yake yote.

Mimi nilikuwa wa mwisho kujifunza. Kupitia lile tundu tunaonana jicho kwa jicho, karibu sana, hakuna pa kujificha. Redio niliipa jirani. Chai nilimuuliza, ikatuchukua dakika ishirini, na jibu lilikuwa kwamba sukari imezidi miaka mitano. Lile swali lingine sijamuuliza tena. Jibu alilonipa ni lake, sina haki ya kuliongezea kitu mbele wala nyuma. Kila asubuhi nanyanyua ubao, nataja herufi anazozitazama, na nikiona najua neno linakokwenda, nangoja.